Boila ya chai haichemki jioni: koili imechoka, au waya?

"Fundi, habari za kazi. Nina mgahawa mdogo huku Mabatini, Mwanza, juu kidogo kwenye mawe. Nilinunua boila ya chai ya lita 20, ile ya bati yenye koki, imeandikwa 230V 2500W. Aliyeniuzia alisema inachemsha kwa dakika 40. Sijawahi kuziona hizo dakika 40. Alfajiri inakaribia saa nzima, na jioni ndiyo kabisa, saa na robo. Fundi wa mtaani alikuja saa moja usiku na mita zake. Kabla ya kuwasha boila soketi ilisoma volti 212, alipoiwasha ikashuka hadi 184, na mita ya kubana waya ikasema ampea 8.7. Akasema koili imechoka na inakula umeme, tuikate kidogo ipate moto, au ninunue stabilaiza. Binti yangu wa kidato cha tatu akapiga hesabu, akasema boila inatumia wati 1,600 tu na siyo 2,500, kwa hiyo nimeuziwa feki. Mwenye nyumba, ambaye tunatumia LUKU moja, anasema umeme mdogo unakula uniti nyingi na mimi ndiye ninayezimaliza. Umeme nimeuvuta kutoka kwake, kama mita 40, waya umepita juu ya mawe. Nimsikilize nani?"

Msikilize binti, ila kwa nusu. Hesabu ameipatia, hukumu ameikosea. Fundi alipima vizuri, akasoma vibaya alichokipima. Mwenye nyumba anarudia jambo ambalo nusu ya mji wanaliamini, na lina chembe ya ukweli, lakini siyo kwa boila.

Tuanze na tuhuma ya koili kuchoka, kwa sababu namba ulizonipa zinaimaliza. Koili ya boila ni waya mwembamba wa nikromu uliofichwa ndani ya ule mrija wa chuma unaouona chini ya maji. Waya huo unaupa umeme taabu ya kupita, na taabu hiyo ndiyo ukinzani, unaopimwa kwa omu. Kanuni ambayo Mjerumani Georg Simon Ohm aliichapisha mwaka 1827 ni ileile binti anayoichora shuleni kwenye pembetatu: chukua volti zilizopo kwenye koili, gawa kwa ampea zinazopita, unapata ukinzani. Kwako ni 184 gawa kwa 8.7, jibu ni omu 21.15.

Sasa uliza koili mpya ilipaswa kuwa na omu ngapi. Kibao kinasema volti 230, wati 2,500. Nguvu ni volti mara ampea, na kwa kuwa ampea zenyewe ni volti gawa kwa omu, ukinzani unaupata kwa kuzidisha volti kwa volti halafu kugawa kwa wati: 230 mara 230 ni 52,900, gawa kwa 2,500, jibu ni 21.16. Ulichopimiwa jioni na kilichotoka kiwandani vimekutana. Koili yako ni nzima kama siku uliyoinunua, na hukuuziwa feki. Tena koili za namna hii hazichoki polepole kama betri. Hukatika, zikabaki na ampea sifuri, au huanza kuvuja umeme kwenye bati la boila. Zipo boila zenye koili mbili, moja ikifa ampea zinashuka karibu nusu. Yako haina lolote kati ya hayo.

Binti aliteleza hapa: ile 2,500 siyo ahadi ya kila saa, ni ahadi yenye sharti, na sharti limeandikwa palepale pembeni, 230V. Ukiipa boila volti 184 umeipa asilimia 80 ya inachotaka. Ungetegemea nguvu nayo iwe asilimia 80, lakini haiwi. Volti zikipungua, ampea nazo zinapungua, maana koili ni ileile. Vitu viwili vimepungua kwa pamoja, na nguvu ni zao la hivyo viwili: 0.8 mara 0.8 ni 0.64. Asilimia 64 ya wati 2,500 ni wati 1,600, alizozipata binti. Mwambie hesabu yake ni ushahidi kwamba boila ni halali.

Angalia pia kilichojitokeza bila kukitafuta. Umeme ulipopungua, boila ilivuta ampea chache zaidi, siyo nyingi. Kwenye volti 230 ingevuta ampea 10.9 hivi, kwenye 184 imevuta 8.7. Kwa hiyo mwenye nyumba anaposema umeme mdogo unakula uniti nyingi, kwa chombo cha kupasha moto anakosea. Maji ya lita 20 yanahitaji kiasi chake cha joto na hayajali unayaletea haraka au polepole. Hapo Mwanza tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Ukiyaanza kwenye nyuzi 24 unahitaji karibu uniti 1.7 kuyachemsha, na uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa wati 2,500 kamili hizo ni dakika 40, kwa hiyo muuzaji hakukudanganya. Kwa wati 1,600 ni dakika 63, ongeza joto linalopotea kwenye bati na mvuke, unafika kwenye saa na robo yako. Uniti zinakaribiana, muda ndio uliorefuka. Hasara ndogo ipo, maana chombo kinachokaa juu ya moto muda mrefu kinapoteza joto zaidi, lakini ni ndogo. Funika mfuniko.

Usemi wa mwenye nyumba umetoka kwenye friza. Mle ndani kuna kompresa, na kompresa ni mota. Mota iliyopewa volti ndogo bado inataka kusukuma mzigo uleule, kwa hiyo inajikaza na kuvuta ampea zaidi, inapata moto, na wakati mwingine inashindwa kuanza, inabaki inanguruma halafu inakata kwa mlio wa "tik". Wauza sato na sangara wenye mafriza wanaujua mlio huo. Binti asijaribu kuipima friza kwa pembetatu yake. Kwenye mota, volti mara ampea haitoi wati halisi, inatoa namba kubwa kuliko zile LUKU inazohesabu, na volti gawa kwa ampea haikupi ukinzani wa waya uliozungushwa ndani. Hesabu ile inafaa kwa boila, pasi, heta na jiko la koili.

Nimeeleza haya yote kwa urefu, lakini kilichonishtua kwenye barua yako ni kitu kingine, ulichokitaja kama unapita tu: 212 kabla ya kuwasha, 184 baada ya kuwasha.

Volti 28 zimekwenda wapi?

Hazijapotea hewani. Umeme unaokwenda kwenye boila yako unapita kwenye waya kutoka nguzo, kwenye mita, kwenye breka, kwenye mita 40 za waya juu ya mawe, kwenye maungio, kwenye soketi, kisha unarudi njia hiyohiyo kwa nyutro. Vyote hivyo vina ukinzani wake. Boila ikiwa imezimwa hakuna ampea zinazopita kuielekea, kwa hiyo ukinzani huo haujionyeshi na unasoma 212. Ukiwasha, ampea 8.7 zinapita na kila kipande cha njia kinakata volti zake. Kanuni ni ileile: 28 gawa kwa 8.7 ni omu 3.2. Njia yako ina omu 3.2, na nguvu inayoishia njiani ni 28 mara 8.7, karibu wati 244. Unachemsha maji kwa wati 1,600, na kwa wati 244 unachemsha waya.

Hii pia ndiyo sababu hata alfajiri, watu wamelala na laini imetulia, huzioni dakika 40. Hata umeme ungekuwa 230 kamili kwenye nguzo, omu 3.2 za njiani zingekuachia wati 1,900 tu kwenye boila, na hiyo ni karibu saa nzima. Ndivyo ulivyoniandikia. Umeme mdogo wa jioni ni tatizo la mtaa, lakini lako ni kubwa zaidi na linakaa hapo saa 24.

Je, omu 3.2 ni nyingi? Ni nyingi mno. Waya wa shaba wa 1.5, yaani milimita za mraba 1.5, ule mwembamba wa taa, ukiwa wa kweli una omu kama 12 kwa kila kilomita. Mita 40 kwenda na 40 kurudi ni mita 80, yaani omu moja pungufu kidogo. Kwa ampea zako hiyo inakata volti 8. Waya wa 2.5 ungekata volti 5. Hata nikichukulia kwamba mliweka ule mwembamba, zinabaki volti 20 zisizo na maelezo. Nyingine zinaweza kuwa za nje, kwenye laini. Nyingine, na hapa ndipo ningekaza macho, ziko kwenye ungio: mahali waya wawili waliposokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni, skrubu iliyolegea kwenye soketi, au waya wa alumini uliopakwa shaba ukauzwa kwa bei ya shaba.

Wati 244 zikitawanyika kwenye mita 80 za waya, utagusa waya na kuhisi uvuguvugu tu. Zikikusanyika sehemu moja ni habari nyingine. Tuseme ungio moja linakata volti 14. Hizo ni wati 122 kwenye kitu chenye ukubwa wa ncha ya kidole, wakati kile chuma ambacho mafundi redio huyeyushia risasi kina wati 40 hadi 60. Nailoni haidumu hapo. Na breka haitakuokoa, kwa sababu breka inahesabu ampea, na ampea zako ni 8.7, chini kabisa ya kiwango chake. Ungio linaungua na breka imelala.

Kwa hiyo mwite tena fundi yuleyule, anajua kutumia mita, na umwombe kipimo ambacho hakukifanya. Apime volti pale kwenye breka kuu ya mwenye nyumba, baada tu ya LUKU, boila ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka. Arudie mara tatu nne, kwa sababu volti za jioni zinapanda na kushuka jirani akiwasha pasi, na kipimo kimoja kinaweza kukudanganya. Kama pale kwenye mita zinashuka kutoka 212 hadi 206, basi volti 6 ni za laini ya nje na 22 zilizobaki ni zenu, kati ya mita na soketi. Kama pale kwenye mita zenyewe zinashuka hadi 190, ubovu uko upande wa nguzo, na hilo ni la TANESCO. Msiguse chochote kabla ya mita wala lakiri yake, toeni taarifa. Na akibana waya kwa ile mita ya ampea, abane fezi, waya unaoleta umeme, peke yake. Akibana fezi na nyutro pamoja itasoma sifuri, watu wakaamini hakuna mzigo.

Kisha, boila ikiwa imewaka nusu saa, kagueni njia nzima kwa macho na pua: plagi iliyogeuka rangi ya kahawia, soketi yenye harufu ya plastiki, ungio lililoiva. Usiguse maungio yaliyo wazi kuhisi joto. Izime kwanza kwenye breka.

Sasa ushauri wa kukata koili. Kwanza haiwezekani, koili ya boila imefungwa ndani ya mrija pamoja na unga unaoizuia isiguse chuma. Ukiikata umeiua. Lakini tuseme lingekuwa jiko la koili ya wazi, ukaikata sehemu ya tano. Ukinzani ungeshuka hadi omu 17, ampea zingepanda hadi 10.5, na koili ingepata wati kama 1,870. Umeongeza 270, siyo? Angalia njiani. Joto la waya linakwenda kwa ampea mara ampea, na lingetoka wati 244 hadi 356. Ungio lililokuwa linakaribia kuungua umeliongezea karibu nusu ya joto lake.

Stabilaiza ni mbaya zaidi, na hapa namwonea huruma mtu anayetoa fedha zake akidhani ananunua umeme. Stabilaiza haizalishi umeme. Ikitaka kuipa boila wati 2,500 kwa volti 230, inalazimika kuzivuta wati hizo kwenye soketi ileile kwa volti ndogo, yaani kwa ampea nyingi. Nimepiga hesabu kwa njia yako ya omu 3.2: ingevuta zaidi ya ampea 15, soketi ingeshuka hadi volti 162 hivi, na njiani zingepotea wati zaidi ya 750. Plagi yenyewe imetengenezwa kwa ampea 13. Maji yangechemka kwa dakika 40 kweli, na sina hakika paa lingebaki. Stabilaiza inunuliwe kwa friza au televisheni, vyombo vya ampea chache, siyo kwa chombo cha moto.

Dawa ya kweli haina ufundi mwingi. Maungio yaondolewe, waya uwe mmoja usiokatika kutoka breka hadi mgahawani, wa shaba halisi wa 4, wenye breka yake peke yake. Kwa mita 40 waya huo utakata volti 3 na nusu tu. Ni ghali kuliko kusokota upya, najua. Kama huna uwezo sasa hivi, anza na maungio na soketi, ambazo ni fedha ndogo, upime tena. Nisikuahidi makubwa: jioni, nje kukiwa na 212, ukirekebisha yote utapata kama wati 1,900, siyo 2,500, na maji yatachemka chini ya saa moja. Zilizobaki ziko mikononi mwa laini ya mtaa. Wengine wenye biashara kama yako wanachemsha alfajiri umeme ukiwa na nguvu na kuhifadhi kwenye chupa za chai, jioni wanapasha kidogo. Siyo ujinga. Na ukiweza kuomba mita yako mwenyewe karibu na mgahawa, utakuwa umemaliza matatizo mawili kwa pamoja.

Kuna jambo moja la huko mawe ambalo halisubiri fedha. Waya wa ardhi, ule unaopeleka udongoni umeme unaovuja. Mabatini, Igogo, Isamilo na milima yote ile, fimbo ya ardhi inagonga jiwe kabla haijazama, na wapo mafundi wanaoikata na kuificha. Boila ni bati, sakafu ya mgahawa ina maji, wasaidizi wana ndala. Siku koili ikianza kuvuja, waya wa ardhi usiofika udongoni haufanyi kazi yoyote. Weka ile breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, kabla ya boila. Na mtu yeyote akigusa bati au koki akahisi kupigwa hata kidogo, zima kwenye breka kuu, usiiwashe tena hadi ipimwe. Hali kadhalika ukiona taa zenu zinang'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia, hiyo huenda ni nyutro inayoachia, na vyombo vya nyumba nzima viko hatarini. Kwa mambo haya mawili usimtafute anayejua kidogo. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na akuonyeshe leseni.

Limebaki la mwenye nyumba. Usibishane naye kwa maneno. Jioni moja zimeni kila kitu nyumbani, friza ikiwemo, mkiwa wawili mbele ya LUKU. Someni salio la uniti, chemsha boila moja hadi mwisho, someni tena. Kwa hali ilivyo sasa itashuka uniti mbili na kitu: 1.7 za maji, hadi robo hivi ya waya, na iliyobaki ya bati na mvuke. Zidisha kwa idadi ya mara unazochemsha kwa siku, kisha chukueni risiti ya mwisho ya LUKU mgawanye fedha iliyolipwa kwa uniti zilizotolewa mpate bei ya uniti moja. Hiyo ndiyo sehemu yako, na muiandike. Ile robo uniti inayounguza waya kila mnapochemsha inahesabiwa na mita yenu kama nyingine, kwa kiasi kile kinachopotea baada ya mita, kwa hiyo anayo sababu ya kuchangia waya mpya.